Kubomoa nyumba Tanga bila kubeba kila kitu dampo: mwongozo wa kifusi

Nyumba za zamani za Ngamiani, zile za kwenye barabara za namba, zinashuka moja moja kupisha majengo yenye fremu za maduka chini na vyumba juu. Mwenye nyumba akishapatana bei na wabomoaji, linabaki swali la kifusi: kiende wapi? Jibu la haraka ni Fuso. Fuso likiwa na dereva mwaminifu huelekea dampo la Jiji kule Mpirani. Dereva asiye mwaminifu hutafuta korongo au ukingo wa mikoko kukishaingia giza.

Mwongozo huu ni wa mwenye nyumba, wa fundi, na wa kikundi cha vijana kinachotaka kufanya kazi ya kubomoa kwa akili. Nitangulize msimamo wangu ili tuelewane: kwa hapa Tanga, usipige hesabu ya kutajirika kwa kusaga kifusi kiwe kokoto ya kuuza. Mawe ya chokaa tunayo Pongwe, Maweni na Amboni, machimbo yako jirani, na kokoto mpya inafika mjini kwa bei ambayo ya kifusi haiiwezi. Hela iko kwenye vitu vinavyotoka vizima, na kwenye safari za lori ambazo hutazilipia. Yote yaliyo hapa chini yamepangwa kwa hesabu hiyo.

1. Pima kabla ya kugusa ukuta

Chukua futi kamba na daftari. Jumlisha urefu wa kuta zote, zidisha kwa kimo, zidisha kwa unene. Mfano: nyumba yenye jumla ya mita 40 za ukuta, kimo mita 3, tofali za inchi 6 (sentimita 15), inakupa mita za ujazo 18. Toa milango na madirisha, zinabaki kama 16. Ukuta ukishavunjwa huvimba, kwa sababu vipande havikai kama vilivyokuwa vimepangwa. Ongeza nusu yake, unafika 24. Lori la tani 7 likijazwa kifusi hubeba kama mita za ujazo 5 bila kuzidisha uzito. Kwa hiyo ni safari tano, bila kuhesabu jamvi (sakafu ya zege) na msingi.

Sasa geuza hesabu upande wa pili. Ukuta huohuo una tofali zaidi ya 900. Nusu yake tu ikitoka nzima, safari zako za kuta zinashuka hadi mbili au tatu, na una tofali za kujengea uzio, choo cha nje au banda la kuku. Andika namba zote mbili. Ndizo utakazoziweka mezani unapopatana na wabomoaji, maana wengi hutoa bei ya kuangusha, na kuangusha ni rahisi kuliko kuvua.

2. Vibali na huduma

Hapa sitakaa sana. Anzia kwa mtendaji wa mtaa, kisha ofisi ya mhandisi wa Jiji kwa kibali cha kubomoa. Waite TANESCO wakate umeme kwenye nguzo, na Tanga UWASA wafunge maji. Usimwachie kibarua akate waya wa mita kwa plaizi. Nyumba ikiwa ya miaka mingi sana, ya mawe, yenye mlango wa kuchonga, uliza kwanza watu wa mambo ya kale kabla ya kupanga siku. Kuna majengo ambayo mwenye hati naye hana ruhusa ya kuyashusha.

3. Tafuta vitu hatari kwanza

Zunguka nyumba nzima ukiwa huna nyundo mkononi. Unatafuta vitu vitatu.

Cha kwanza ni paa la asbesto. Hayo ni mabati ya kijivu, mazito, yenye mawimbi manene, na ukiyagonga yanalia kama kigae, hayalii kama bati. Utayakuta zaidi kwenye maghala na nyumba za zamani za taasisi, mara nyingi yameota kuvu juu. Yakivunjika hutoa nyuzi ndogo ambazo jicho halizioni, na nyuzi hizo zikiingia kwenye mapafu hazitoki. Saratani yake hujitokeza baada ya miaka mingi, kibarua ameshasahau alifanya kazi wapi. Usiyakate, usiyatupe chini, usiyafagie yakiwa makavu. Hii ni taka hatarishi, na kuna watu wenye kibali cha kuishughulikia. Mwone afisa mazingira wa Jiji au NEMC (baraza la taifa la usimamizi wa mazingira), wakuelekeze namna ya kuyatoa na pa kuyapeleka. Msimamo ni huohuo kwa yule jirani atakayekuja kuomba vipande viwili vya kuezekea banda: mkatalie.

Cha pili ni mbao zilizotiwa dawa au rangi ya zamani. Mbao za namna hiyo hazifai kuwa kuni. Moshi na majivu yake yana sumu, na mama lishe atakayezinunua kwa bei chee atawalisha watu sumu hiyo bila kujua.

Cha tatu ni dari ya jipsamu. Jipsamu haidhuru kuishika, lakini ni mharibifu mkubwa wa marundo mengine. Ikichanganyika na kifusi cha zege, kisha kifusi hicho kikatiwa saruji mpya, huvimba ndani kwa ndani na kupasua ulichokijenga. Ikifukiwa dampo pamoja na taka zenye maji na zisizopata hewa, hutoa gesi inayonuka kama yai bovu, nayo ikijikusanya inaua. Kwa hiyo jipsamu inatoka peke yake, inafunikwa isilowe, inasubiri peke yake. Zile bodi za kienyeji zenye nyuzi za katani ndani zinavunjika vibaya. Zitoe taratibu, ukiwa umeziba pua.

4. Vua kutoka juu, kinyume cha kujenga

Kilichowekwa mwisho kinatoka kwanza. Taa, soketi na nyaya, masinki na mabomba, milango, fremu, grili na vioo, halafu dari, halafu bati, halafu papi na kenchi (mbao zinazobeba bati). Kuta zinakuja mwisho.

Bati lisilo na kutu linauzwa siku hiyohiyo, mradi misumari imeng'olewa kwa mtaimbo wenye mdomo wa kung'olea na chini yake kumewekwa kibao. Ukilivuta kwa nguvu, tundu linararuka na bati linakuwa chakavu. Misumari iokotwe kwenye ndoo. Si ubahili: msumari mmoja uliobaki kwenye kifusi unatoboa tairi la Fuso au mguu wa mtoto wa jirani.

Nyumba za zamani za udongo zina boriti za mikoko, na boriti ikiwa haikufikiwa na maji inaweza kuwa ngumu leo kama siku iliyopandishwa darini. Usiikate katikati ili ienee kwenye gari. Boriti ndefu ina thamani zaidi ya mbili fupi, hasa siku hizi ambapo kukata mikoko kunahitaji kibali. Kabla ya kusafirisha mbao na boriti, chukua barua ya mtendaji inayoeleza zimetoka nyumba gani, maana njiani unaweza kuulizwa, na maneno matupu hayamtoshi mtu wa maliasili.

Shaba ya nyaya na vyuma vingine vipelekwe kwa mnunuzi wa vyuma chakavu mwenye leseni, naye akupe risiti. Biashara hii ina macho mengi ya polisi kwa sababu ya wizi wa vyuma vya reli na nyaya za umeme, na risiti ndiyo inayokutenga na wezi. Usichome nyaya kuondoa plastiki. Mnunuzi anazipokea hivyohivyo.

5. Kuta: jua kilichozishika

Hii ndiyo hatua inayoamua kama unapata bidhaa au unapata kifusi, na wengi wanaipita kwa nyundo kubwa.

Chukua tindo na nyundo ndogo. Chagua mahali pamoja, toa plasta upana wa kiganja, utazame kiungo. Kama ni cheupe au cha rangi ya maziwa, na kucha inakikwaruza, hiyo ni chokaa. Kama ni cha kijivu na kucha inateleza, ni saruji.

Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa ni zawadi. Chokaa ni laini kuliko jiwe, kwa hiyo kiungo ndicho kinachokubali kwanza. Anzia safu ya juu kabisa. Weka tindo kwenye kiungo cha chini cha jiwe, gonga mara mbili tatu kwa wepesi, kisha hamia pembeni ugonge tena. Utasikia mlio ukibadilika kutoka mkali kuwa mzito, kama wa debe lililojaa. Hapo jiwe limeshaachia. Litikise kwa mkono, litoke, ukwangue chokaa iliyoshikilia kwa panga butu. Mtu aliyezoea hafikirii tena, mkono unakwenda wenyewe. Chokaa inayoanguka ikusanye kwenye karai: inafaa kusawazishia ua na njia za miguu, ila isiingie kwenye zege.

Mawe hayo yana chumvi, hasa kwenye nyumba za upande wa baharini kama Raskazone na Chumbageni. Yapange kwa kuachanisha, yapigwe na mvua. Masika yetu ya Machi hadi Mei yanatosha kuosha sehemu kubwa. Ukiyajengea upya, tumia chokaa, au mchanganyiko wa chokaa na saruji kidogo. Saruji kali inafungia unyevu ndani ya jiwe la matumbawe, na jiwe ndilo linaloanza kumong'onyoka kabla ya kiungo. Chokaa inachomwa hapahapa mkoani, hakuna kisingizio.

Ukuta wa tofali za saruji ni bahati nasibu. Waliojenga kwa kubana saruji wamekuachia viungo dhaifu, na tofali zinatoka nzima. Waliojenga kwa uaminifu wamekuachia kazi: kiungo kigumu kuliko tofali, na tofali inapasuka kabla ya kuachia. Jaribu tofali kumi. Saba zikitoka nzima, endelea safu kwa safu. Zikitoka tatu tu, acha kujitesa; vunja, uhesabu ukuta huo kuwa kifusi safi.

Katika hali zote mbili, usikubali ule mtindo wa kuchimba ukuta chini kisha kuuvuta kwa kamba. Ukuta hauna adabu ya kuanguka upande unaoutaka. Mtu yeyote asisimame ndani ya umbali wa mara moja na nusu ya kimo cha ukuta unaoshushwa, na ukuta uliobaki jioni usiachwe umesimama peke yake bila egemeo. Vumbi lipunguzwe kwa maji kabla na wakati wa kugonga. Vumbi la zege lina silika, na silika inakula mapafu polepole. Barakoa ya kitambaa haizuii chembe hizo. Nunua zile za viwandani.

Lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) na nguzo zivunjwe zikiwa chini. Nondo zinazotoka huku pwani mara nyingi zimeshaliwa na kutu, zinabanduka maganda ukizikunja. Fundi atakwambia zinyooshwe zirudi kwenye lenta mpya. Kataa. Nondo iliyokunjwa, ikanyooshwa, na ina kutu ya chumvi, haina kazi kwenye jengo la watu. Iuze kwa kilo, au itengenezee vigingi vya bustani.

6. Marundo manne, na turubai moja

Kabla ya siku ya kwanza, chora ardhini kwa majivu sehemu nne: vizima vya kuuza; zege, mawe na tofali zilizovunjika; udongo na chokaa; taka ya kweli (plastiki, mbao mbovu, vigae vyenye gundi, na jipsamu peke yake pembeni). Turubai ni la jipsamu. Kiwanja kikiwa kidogo, kama vilivyo vingi vya Ngamiani, marundo yapokezane: toa vizima kila jioni ili kesho pawe na nafasi.

Mpe mtu mmoja kazi ya kusimamia marundo, naye asishike nyundo. Rundo la pili likishaingiliwa na nailoni na jipsamu, hakuna atakayelichambua, na linageuka mzigo wa kulipia.

Udongo wa nyumba za miti na udongo hauna haja ya kwenda popote. Urudi ardhini, kwenye bustani au kusawazishia kiwanja, mradi umetolewa fito, misumari na plasta ya saruji.

7. Tumia kiwanjani kwanza

Rundo la zege na tofali zilizovunjika ndilo zito kuliko yote, kwa hiyo ndilo linalofaa kusafiri kidogo. Kama unajenga palepale, chini ya jamvi jipya unahitaji kujaza mawe. Vunja vipande visizidi ukubwa wa ngumi, mwaga kwa tabaka za sentimita 15, mwagia maji, shindilia kwa mashine ya kukodi au kwa kishindilio cha mkono, kisha tabaka jingine. Vipande vikubwa vikimwagwa kwa pamoja huacha mapango chini, na jamvi litapasuka mwaka wa pili.

Shimo la kunyonya maji ya choo nalo linakula kifusi vizuri: vipande vya zege vilivyooshwa vumbi, vikubwa chini, vidogo juu. Vivyo hivyo njia ya gari getini, mtaro wa kupitisha maji ya paa, mashimo ya kichochoro yanayowaudhi nyote wakati wa masika. Zungumza na mtendaji, mitaa mingi inaomba kifusi cha namna hii. Kichochoro kisiwe cha kujazwa hadi maji yakahamia kwa jirani.

Ukitaka kutengeneza tofali, inawezekana. Utafiti uliofanywa kwa kifusi cha Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba asilimia 85 ya tofali zilizojaribiwa zilifikia niutoni 7 kwa milimita ya mraba, kiwango cha chini kinachotakiwa nchini. Kwa hiyo nguvu si shida kubwa, shida ni usafi na maji. Kifusi cha zege kinakunywa maji kuliko kokoto ya jiwe, kwa sababu kila kipande kimebeba saruji ya zamani yenye vitundu. Kiloweke usiku kucha, kitoe kikauke juu tu, ndipo uchanganye. Ukikitia kikavu, kinanyonya maji ya saruji yako na tofali inabaki kama andazi la juzi. Chekecha: kinachopita wavu wa milimita 5 kichukue nafasi ya nusu ya mchanga tu, kinachobaki juu kigongwe tena. Mwagilia tofali siku saba bila kuruka. Zitumie kwenye uzio na kuta zisizobeba sakafu ya juu. Nguzo, lenta na slabu ziachie kokoto ya Pongwe.

Kikundi kinachotaka kuifanya hii kuwa kazi ya kudumu kina njia ya mtaji: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo ya vikundi, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ushauri wangu ni kuomba mkopo wa kirikuu, mitaimbo na vifaa vya kinga kabla ya kufikiria mashine ya kusagia. Mtaji wa kuvua unarudi kwa nyumba chache. Wa kusaga unashindana na machimbo.

8. Kilichobaki kiende dampo, na kiende kwa mpangilio

Kipeleke kwa safari mbili tofauti, kifusi safi mbali na taka ya kweli mbali, usikichanganye ili kuokoa lori. Kifusi safi kilichobaki ni kitu ambacho dampo linakihitaji: magari ya taka yanakwama kwenye njia za ndani mvua zikinyesha, na njia hizo hutengenezwa kwa vipande vya zege na tofali; udongo na kifusi laini navyo hufunika taka za siku ili nzi, harufu na moshi vipungue. Nenda mapema siku moja kabla, mwone msimamizi, mwambie una aina gani na kiasi gani, umuulize anataka kimwagwe wapi na ada yake ni ipi. Mzigo safi unaojieleza hupokewa tofauti na mzigo wa kushtukiza. Lori la taka ya kweli lifunikwe turubai barabarani.

Kuhusu kumwaga karibu na maji, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka baharini na kingo za mito. "Najazia kiwanja changu tu" haisaidii mbele ya kifungu hicho.

Mlangoni dai stakabadhi kwa kila safari, iwe na namba ya gari na tarehe. Patana na dereva tangu asubuhi kwamba hela ya safari inatoka akikuletea stakabadhi mkononi. Atakayegoma kwa sharti hilo, tafuta mwingine. Pale stendi ya malori hawakosekani.